Dada wa Kucha Alivyotua Dubai na Visa ya Matembezi Akidhani ni ya Kazi

Picha ya kwanza aliposti akiwa Terminal 3 pale JNIA. Begi jekundu, miwani ya jua ingawa ilikuwa usiku, pasipoti imeshikiliwa karibu na shavu. Ndani ya saa moja komenti zilishajaa. Wengine walimpongeza, wengine wakaomba koneksheni, na mteja wake mmoja wa Sinza akauliza sasa nani atambandika kucha siku ya sendofu.

Hakuna aliyeuliza hiyo visa ni ya aina gani. Hata mwenyewe hakuuliza. Wakala alimwambia "visa imetoka", akalia kwa furaha, basi. Alilipa milioni tatu na nusu: moja na nusu akiba yake, mbili mkopo wa kikoba aliochukua mama yake. Ofisi ya wakala? WhatsApp.

Alipokelewa na shoga yake wa siku nyingi, akapata kitanda kwenye chumba cha watu sita huko Deira, na siku ya tatu akaanza kazi saluni. Saa nne asubuhi mpaka saa nne usiku. Wiki ya kwanza haikuwa na malipo, eti ni majaribio. Ya pili akapewa hela ya kula. Kila akiuliza mambo ya karatasi, bosi anajibu kwa upole, "Wiki ijayo nakubadilishia visa."

Utamu wa hiyo ahadi ni kwamba si uongo mtupu. Kule mtu anaweza kuingia kama mgeni, akapata mwajiri, akabadilishiwa hadhi bila kurudi kwao. Wapo waliofanikiwa hivyo, na ndio wanaoposti. Shida ni kwamba mpaka kibali cha kazi kitoke, haruhusiwi kushika hata brashi ya rangi ya kucha.

Aliligundua hilo siku wakaguzi walipoingia kwenye jengo. Bosi alimsukuma stoo, akamfungia kwa nje pamoja na maboksi ya asetoni. Dakika arobaini. Jioni akamkuta mlinzi wa jengo, kaka mmoja wa Mombasa, akamsimulia huku anatetemeka.

"Hebu nione hiyo karatasi yako," kaka akasema. Akaisoma kwenye simu taratibu, halafu akamrudishia. "Dada yangu, hii ni ya matembezi. Siku sitini. Ukishikwa unafanya kazi, huyo mama hakujui."

Alimfafanulia pale pale kwenye ngazi, bure, kile ambacho wakala wa milioni tatu na nusu hakukisema. Visa ya kazi haianzi kwa msafiri, inaanza kwa mwajiri. Yeye ndiye anayeomba kibali wizarani, mfanyakazi anapimwa afya, anapata ukaazi na kitambulisho cha Emirates. Na gharama ni za mwajiri. Sheria ya kazi ya kule inamkataza kumtoza mfanyakazi hela za kumwajiri. Kuhusu bosi kumficha stoo, sababu ni hesabu tu: tangu sheria iliporekebishwa 2024, faini ya kuajiri mtu asiye na kibali inaanzia dirham 100,000 na inaweza kufika milioni 1. Mfanyakazi mwenyewe anaweza kufukuzwa nchini.

Kesho yake akambana bosi. Upole ukaisha. Visa ipo, akaambiwa, ila ni dirham 6,000, atakatwa kwenye mshahara. Mshahara upi? Hata mkataba hakuwa nao.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Shoga yake akamshauri ajilipue, abaki tu, wapo wengi. Lakini kila siku inayozidi ni faini ya dirham 50, miezi sita ni dirham 9,000, na mtu wa namna hiyo hawezi kudai mshahara popote wala kwenda hospitali kwa amani. Usiku ule hakulala. Kilichomkaba zaidi, ukweli usemwe, ni ile picha ya Terminal 3. Angerudi vipi?

Mama yake ndiye aliyekata mzizi. Akamtumia sauti fupi WhatsApp: "Mwanangu, deni linalipika. Njoo."

Akarudi siku ya hamsini na saba, kwa tiketi ambayo nusu alichanga yule shoga. Wiki tatu hakuposti kitu. Alipoposti tena, zilikuwa kucha za bibi harusi, na komenti ya kwanza ikasema "Dubai imeisha?" na vicheko vitano. Akailaiki.

Mwezi uliopita imemfikia koneksheni nyingine, ya Qatar, mshahara mnono, chumba bure. Safari hii aliomba jina la mwajiri, nakala ya mkataba, na kama wakala amesajiliwa ili aulizie TaESA kabla ya kutoa hata mia. Tiki mbili za bluu zikawaka, halafu kimya mpaka leo.

Kikoba kimebaki laki sita.