Ndege Yako Haitaki Kijiti Kinene, Inataka Uzi

Wasee, leo nitawakera wale wa "nunua tu ingine". Ndege ya rimoti yenye mabawa mawili, moja juu na lingine chini, ikikunja bawa hewani, dawa si kuweka nguzo nene kati ya hayo mabawa. Dawa ni uzi. Nimesema.

Hapa Sondu tunajenga na tunachopata: ile foamu nyeupe inayokuja na TV mpya, vijiti vya mishikaki, gundi. Ndege ikivunjika, kila mtu uwanjani anageuka injinia. Mmoja anasema weka kijiti kinono. Mwingine anasema agiza kaboni kutoka Nairobi. Mimi nakataa yote mawili, na si ubahili.

Kwanza, angalia umbo. Nguzo mbili na mabawa mawili yanafanya mstatili. Chukua vijiti vinne, funga pembe zote, halafu sukuma pembe moja. Mstatili unalala upande kama kibanda cha soko kilichopigwa na upepo. Sasa funga uzi kutoka kona hadi kona, na mwingine uukatize. Sukuma tena. Hauendi popote, kwa sababu umepata pembetatu, na pembetatu haibadili umbo mpaka kitu kikatike. Nguzo inazuia mabawa yasikaribiane, uzi unazuia yasihame. Kila mmoja na kazi yake.

Na hii kitu si ya jana. Octave Chanute alikuwa injinia wa reli na madaraja huko Marekani. Mwaka 1896 timu yake ilijaribu ndege isiyo na injini kando ya Ziwa Michigan, mabawa yake yamekazwa kwa nguzo na waya za mshazari, mtindo uleule wa daraja la reli. Ndugu wawili wa Wright walifuata njia hiyo kwenye ndege yao ya 1903. Hata Kisumu tumeziona: Imperial Airways ilipofika mwaka 1931, ndege zake aina ya Short Calcutta zilitua juu ya maji ya ziwa letu zikiwa na injini tatu, mabawa mawili, na nguzo na waya kibao. Kwa hivyo mtu akikucheka ati nyuzi ni mambo ya umaskini, mpe hiyo historia.

Pili, kiungo. Mara nyingi kijiti hakikatiki katikati. Ncha yake ndiyo inatoboa foamu, nguzo inachomoka, bawa linaenda. Sasa kijiti kinene kitasaidia nini hapo? Umeongeza uzito mbali na mwili wa ndege na foamu imebaki laini vilevile. Chukua ile kadi ya plastiki unayobaki nayo ukishatoa laini ya simu. Kata kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, bandika kwenye foamu kwa gundi nyeupe ya seremala. Supaglu usiiguse kabisa, inayeyusha foamu hiyo. Toboa kadi, ingiza kijiti, zungushia uzi, paka gundi, acha usiku kucha.

Uzi wenyewe chagua ule wa kusukwa. Mshipi wa plastiki unavutika ukibebeshwa. Kaza mpaka unyooke tu. Ukivuta sana utapinda bawa, na ndege italalia upande mmoja kila ukiirusha.

Tatu, na hapa sitaki mchezo: pima kabla ya kurusha. Ndege ikikata kona ikiwa imelala digrii 60 bila kushuka, mabawa yanabeba mara mbili ya uzito wake. Ukiinyanyua ghafla baada ya kupiga mbizi, mzigo unaweza kuzidi hapo. Ndege ya gramu 400 mimi naipima kwa kilo 2, yaani pakiti moja ya unga. Rafiki anaishika mwilini, tumbo likiangalia juu, nami natandaza mifuko minne ya mchanga ya nusu kilo, mmoja kwa kila upande wa kila bawa. Kitu kikilia "kra", bora kilie hapo.

Kwa sababu tuseme ukweli. Kwetu hapa ukitoa ndege tu, watoto ishirini wako chini yake kabla hujawasha rimoti. Unawaambia warudi nyuma, wanarudi hatua mbili. Propela inazunguka, bawa likikunja huna usukani tena. Unabaki kuangalia inamwangukia nani. Hakuna kaboni ya Nairobi itakuombea msamaha kwa mama ya mtoto.

So kabla hujatuma pesa ya nguzo mpya, jaribu uzi na kadi ya laini. Na kama bado unabisha, njoo na ndege yako, nitaleta mchanga. Tubishane kwa kilo.