Trekta la Betri na Matunzo Yake

Mwaka 1969 kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza kuuza Elec-Trak, trekta dogo la bustani liendeshwalo kwa umeme. Betri sita za risasi, kila moja ya volti 6, ziliunganishwa zikatoa volti 36. Kampuni iliiacha biashara hiyo katika miaka ya 1970, lakini baadhi ya matrekta hayo yangalipo, nao wenyewe huyatunza kwa mikono yao.

Adui wa mashine hizo si umri, bali uzembe. Betri ya risasi iachwayo bila chaji huharibika, na ikipungukiwa maji bamba zake hukauka. Mtunzaji mwema huichaji kila baada ya kazi, mahali penye hewa na mbali na moto, kwani hutoa gesi iwezayo kulipuka. Huiongeza maji safi ya betri, wala si tindikali. Tena hagusi visu kabla ya kukata umeme.

Siku hizi wengine huweka betri za lithiamu, zilizo nyepesi. Hao hawana budi kutafuta chaja izifaayo, na kukumbuka kwamba uzito wa risasi ndio ulioyafanya magurudumu yashike ardhi. Mwenye kubadili kitu na ajue kwanza cha kale kilikuwa na kazi gani.