Kifurushi cha Kwenda Perth

Kila mwaka, Novemba ikianza, jirani yangu hufunga kifurushi. Hukifungia juu ya meza ya jikoni, nami humsaidia kukata selotepu kwa kuwa vidole vyake vimeshikwa na baridi yabisi. Mwaka jana tulitia pakiti mbili kubwa za majani ya chai ya Barry's, pakiti sita za krispi za Tayto, kadi ya Krismasi, jarida la parokia, na nakala nne za Western People, gazeti la wiki la hapa Ballina. Mwanawe yuko Perth, Australia, mwaka wa kumi na nne sasa.

Chai Perth ipo. Gazeti anaweza kulisoma kwenye simu. Nilimuuliza Bibi (namwita hivyo moyoni, ingawa huku wazee huitwa kwa majina yao) kwa nini anajitia gharama za posta. Akanifunulia ukurasa wa ndani. Palikuwa na picha ya timu ya watoto wa shule ya msingi aliyosoma mwanawe, na juu ya kichwa cha mtoto mmoja Bibi alikuwa amechora mshale kwa kalamu. Pembeni ameandika huyo ni mtoto wa nani, na kwamba masikio ni yale yale ya babu yake. "Hilo simu haimwambii," akasema, akakunja gazeti taratibu kama mtu anayekunja kanga ya kuvaa Idi.

Mimi ni mtu wa Tanga, mzaliwa wa Ngamiani. Nahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland, na huu ni mwaka wangu wa sita. Tangu siku ya ule mshale nimekuwa nikijiuliza swali moja: kati ya aliyeondoka na waliobaki, nani amtafute mwenzake?

Kwetu jibu linajulikana. Aliyeondoka ndiye apige. Asipopiga wiki mbili, amejisahau, Ulaya imemlevya. Nyumbani wakipiga wao, moyo hushtuka kabla kidole hakijagusa simu, maana tumezoea kuwa sababu ni mbili: kuna mgonjwa, au kuna pesa inatakiwa. Kodi, ada, bati za nyumba ya mjomba. Sisemi kwa kulalamika. Pesa natuma na nitaendelea kutuma, waliniuzia hadi shamba la minazi nipate nauli. Lakini miaka sita hii hakuna aliyenipigia kuniambia kwamba mtoto fulani ana masikio ya babu yake.

Nisije nikawapamba Waairishi kupita kiasi. Wao pia walipita tulipo sisi, tena kwa machungu zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka 1841 ilikuta zaidi ya watu milioni 8 kisiwani humu. Mwaka 1845 ugonjwa ukaingia kwenye viazi, chakula cha maskini, na katika miaka ya njaa iliyofuata kiasi cha watu milioni moja wakafa na wengine kama milioni moja wakakimbia kwa meli. Leo, ukiunganisha Jamhuri na Ireland Kaskazini, idadi ya watu bado haijafika ile ya 1841. Mayo iliumia kuliko kaunti nyingi. Mmoja wa walioondoka Ballina, mwaka 1851, aliitwa Edward Blewitt, ambaye matofali yake yalitumika kujenga kanisa kuu la Mtakatifu Muredach, hapa kando ya mto Moy. Aprili 2023 mzao wake, Joe Biden, alisimama mbele ya kanisa hilo hilo akiwa Rais wa Marekani, na mji mzima ulikuwa umejaa ukingoni mwa mto kumsikiliza. Zaidi ya miaka 170 imepita, na mji unajua matofali yalitoka kwa nani.

Zama zile, usiku wa mwisho kabla ya mtu kupanda meli, nyumbani kwao kulikeshwa. Desturi hiyo waliiita kwa jina ambalo sisi tungelitafsiri "matanga ya Marekani", na tafsiri hiyo haikosei hata kidogo, kwani walimkesha aliye hai vile vile walivyomkesha maiti. Majirani walikuja jioni, wakala, wakacheza ngoma hadi alfajiri. Kulipokucha mama alilia kwa maombolezo, kisha kundi zima likamsindikiza kijana hadi njia panda au hadi stesheni. Mama yake Bibi alimkesha dada yake hivyo katika miaka ya 1920, na dada huyo, aliyekwenda Boston, hakuonekana tena. Mimi nilisindikizwa hadi uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na ndugu kumi na mmoja kwenye Hiace moja, baada ya kisomo cha usiku kucha, na kila mmoja akaniambia tutaonana. Ndege imetupa hilo: sisi tunaagana kwa miadi.

Baada ya matanga hayo zilifuata barua, na ndani ya barua dola. Bibi anasema bahasha ya kutoka Boston ilipofika, mama yake aliipapasa kwanza kwa nje. Dola hizo zililipa kodi ya ardhi na deni la duka, na mara nyingi zilinunua tiketi ya mdogo anayefuata, naye akifika anamvuta mwingine. Wengi waliozituma walikuwa wasichana ambao hawajaolewa, watumishi wa ndani katika nyumba za matajiri wa Boston na New York. Nikisikia hayo nawaona dada zetu walioko Maskati na Riyadh, wanaofua na kupika nyumba za watu ili mdogo wao amalize kidato cha nne. Mtaalamu wa historia Kerby Miller alitumia miaka mingi kukusanya maelfu ya barua za Waairishi waliokwenda Marekani, na tangu 1985 kitabu chake juu ya uhamaji huo kimekuwa rejea kubwa. Sijui zetu zitakusanywa na nani, zikiwa zimo kwenye simu zilizopasuka vioo.

Kwa hiyo hawakuzaliwa na mioyo mikunjufu kuliko yetu. Hali ilibadilika. Ireland ilipopata nafuu, dola zikaacha kuwa za lazima, lakini bahasha haikukoma. Ilijaa vitu vingine, na ikageuka mwelekeo. Sasa inatoka Ballina. Sisi tulipata M-Pesa na ndugu zake, baraka kubwa kwelikweli, mtu anatumiwa pesa akiwa kwenye foleni ya dawa. Ila barua ya zamani ilibeba pesa na maneno pamoja. Nakumbuka barua za marehemu baba akiwa kazini Mwanza, zilivyoanza na salamu tele na kuulizia afya ya kila mtu kwa jina, hata mbuzi. Siku hizi pesa husafiri peke yake, na ujumbe wa kuthibitisha unaandikwa na kampuni ya simu.

Nilipotambua tofauti yenyewe hasa ni kwenye msiba.

Baba alifariki alfajiri ya siku moja ya Juni, mimi nikiwa zamu ya usiku. Nilipotoka saa mbili asubuhi, nimesimama kituo cha basi, nikafungua kundi la WhatsApp la familia. Binamu alikuwa ameweka picha ya baba, ile ya harusi ya dada, na chini yake "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun". Watu arobaini na kitu walikuwa wameshaandika pole. Kaka yangu alinipigia jioni, walipotoka makaburini. Kila mmoja alidhani mwingine ameshaniambia. Sikugombana na mtu. Lakini mpaka leo nikipita kituo kile naangalia upande mwingine.

Februari iliyopita kaka yake Bibi akafa. Huku kuna tovuti inayoitwa RIP.ie ambayo nchi nzima huichungulia kila siku kuona nani amefariki na mazishi ni lini, na redio ya kaunti husoma majina ya marehemu hewani. Wale waliokuwa na akili zao enzi za Redio Tanzania wanayajua hayo: tangazo la kifo, kisha "habari ziwafikie" na mlolongo wa majina kutoka Korogwe hadi Bukoba. Nilikuwa jikoni kwa Bibi usiku ule. Watatu wa familia walikaa mezani na karatasi yenye majina: Perth, Boston, Toronto, Leeds. Wakapiga mmoja mmoja, kila mmoja akasikia kwa sauti ya mtu. Binti wa Toronto hakupokea. Wakampigia jirani yake aende kumgongea mlango. Mshughulikia mazishi alikuwa akisubiri kwenye simu nyingine, na hakuruhusiwa kuweka tangazo mpaka jina la mwisho lilipopigwa mstari.

Huzika haraka kidogo, siku mbili tatu, kwa hiyo aliye Australia mara nyingi hawahi. Makanisa mengi yana kamera. Misa ilikuwa saa tano asubuhi, Perth ikiwa saa moja usiku, na kabla ya kuanza padre aliinua uso kuelekea kamera juu ya mlango akawasalimu walioko mbali, akitaja miji yao. Baada ya mwezi husomwa misa nyingine ya kumkumbuka marehemu, mfano wa arobaini yetu, na aliyekosa mazishi hujitahidi kuwahi hiyo. Mtoto wa Bibi alikuja. Niliwaona wamekaa mezani, chai ya Barry's katikati, wanapekua gazeti.

Mary Robinson, mzaliwa wa mji huu, alipokuwa Rais mwaka 1990 aliweka taa dirishani katika ikulu ya Dublin kwa ajili ya Waairishi wote walioko ughaibuni. Taa haimlishi mtu. Lakini nimewasikia wazee ninaowahudumia, waliotumia ujana wao kwenye majengo ya London, wakiitaja taa ile kama mtu anavyotaja jina la mama yake.

Nilipompigia mama mwezi uliopita nilianza kama kawaida yangu, "Mama, kuna shida gani?" Nikajisikia. Miaka sita nimekuwa nikimfungulia mlango mmoja tu, naye huingia humo humo. Nikamwambia, "Mama, leo sitaki shida. Niambie mtaani kuna nini." Akanyamaza, akadhani nimeugua. Ikabidi nimweleze habari za Bibi, kifurushi, na ule mshale.

Siku ya tatu ukaja ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Jogoo anawika nyuma, mtu anasugua sufuria. Changu sokoni Deep Sea wamepanda bei kwa sababu ya kusi. Mwembe wa kwa Mzee Shomari umekatwa na uani sasa ni jua tupu. Mtoto wa dada ameanza kutembea na anakanyaga kwa nje ya mguu, vile vile alivyokuwa akikanyaga baba. Nilisikiliza nikiwa nimeketi ngazini kwa Bibi, nikarudisha nyuma hapo pa mguu, nikarudisha tena.

Mwishoni akauliza, "Na huyo bibi wa vifurushi, vidole vyake hupaka nini? Mwambie ajaribu mafuta ya karafuu."