Kwa wazee wa Kibirizi

Ukitoka hapa Nyarugusu ukapita Kasulu hadi Kigoma, pale Kibirizi, pembeni mwa ziwa, kuna makazi ya wazee ya serikali. Huko maisha yanafuata majira. Kiangazi ni kukaa kivulini na kupiga soga; masika ni kujikunyata ndani. Mbalamwezi ikiwaka dagaa wanaadimika, maana wavuvi huwavua kwa taa, gizani. Sikukuu na tarehe 1 Oktoba, siku ya wazee duniani tangu 1991, ndipo wageni huja na sabuni na sukari. Kesho yake, kimya! Sisi tulioacha wazee wetu ng'ambo, Kongo, tunajua uchungu wake. Mzee anataka mtu wa kumwambia "shikamoo, tate", halafu akae. Basi, kila zoni ina mzee aliye peke yake, tusingoje Oktoba.