Nikeli chini ya milima, butura juu ya mibuni



Kila Ijumaa baada ya swala, sisi tuliokabidhiwa ukatibu wa kamati ya msikiti huketi mkekani pamoja na mweka hazina kuhesabu sadaka. Hapa Kabanga, wilayani Ngara, hesabu hiyo hufanyika huku malori yakinguruma barabarani, yakitoka Dar es Salaam kuelekea mpaka wa Burundi. Siku moja kijana wa madrasa aliyekuwa akitusaidia kupanga sarafu alituuliza: "Ustadhi, shuleni tumefundishwa kuwa chini ya milima yetu kuna nikeli nyingi. Mbona basi sisi ni maskini?" Tulitabasamu, tukamwambia amalize kazi. Ukweli ni kwamba hatukuwa na jibu. Tunaandika makala haya kwa kuwa swali la mtoto ni deni, na deni hulipwa.

Tuanze na hiyo nikeli. Utafiti wa miaka ya 1970 ulionyesha kuwa ardhi ya Ngara imebeba hazina ya madini hayo iliyo miongoni mwa kubwa duniani zisizochimbwa. Mwezi Januari 2021 Serikali ilitia saini makubaliano yaliyozaa kampuni ya Tembo Nickel, ambayo Taifa lina hisa za asilimia 16 ndani yake. Baina ya ugunduzi na saini hiyo ilipita zaidi ya miaka 40. Katika miaka hiyo yote mlima haukumlisha mtu. Aliyezaliwa mwaka wa ugunduzi alisoma, akaoa, akapata wajukuu, na nikeli ingali mahali pake.

Funzo la kwanza ni hilo: kilichomo ardhini si utajiri mpaka pawepo umeme, barabara, ujuzi, sheria na watu wanaoaminiana. Jirani zetu wa Kongo wana shaba na kobalti inayotafutwa na dunia nzima, lakini vita na uongozi mbovu vimewaacha raia wengi katika dhiki. Botswana ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi fukara kabisa. Mwaka uliofuata almasi ikagunduliwa. Viongozi wake waliingia ubia wa nusu kwa nusu na kampuni iliyochimba, wakaelekeza mapato kwenye shule, zahanati na barabara. Haikuwa pepo, kwani mpaka leo wapo vijana wake wasio na kazi, lakini nchi iliinuka. Korea Kusini nayo ilitoka vitani mwaka 1953 ikiwa magofu, bila madini ya kujivunia. Iliwagawia wakulima ardhi, ikasomesha watoto, ikajenga viwanda vya kuuza nje. Basi tofauti haikuletwa na kilicho chini ya miguu, bali na jinsi watu walivyopanga mambo yao.

Funzo la pili sisi wa Ngara hatuhitaji kulisoma vitabuni. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia Rwanda, wakapiga kambi Benaco. Wazee wetu wanasimulia jinsi walivyowapokea watu waliokuwa na mashamba, maduka na ng'ombe, na ambao asubuhi moja walibaki na nguo walizovaa. Amani ndiyo mtaji wa mwanzo. Leo mto uleule uliobeba maiti unazungusha mitambo ya umeme ya megawati 80 hapo Rusumo, mali ya nchi tatu: Tanzania, Rwanda na Burundi. Waliokuwa wakikimbizana sasa wanagawana mwanga. Uchumi hukua hivyo.

Hata hivyo, jibu la kijana wetu lilikuwa karibu zaidi ya Rusumo. Lilikuwa ndani ya msikiti wenyewe.

Mwezi Januari mmoja, shule zilipokaribia kufunguliwa, mama mmoja mjane alikuja kwetu baada ya swala ya Alasiri. Hakuja kuomba sadaka. Alitaka tumsomee karatasi aliyotiwa dole gumba. Tuliisoma, tukanyamaza. Mama yetu alikuwa ameuza kahawa yake ya msimu ujao ingali mbichi juu ya mibuni, na fedha alizopewa hazikufika nusu ya bei ambayo kahawa hiyo ingepata wakati wa mavuno. Alihitaji sare na madaftari ya watoto watatu, na Januari haimsubiri mtu. Biashara hiyo mkoani kwetu Kagera inaitwa butura. Serikali inaipiga vita na kutaka kahawa ipitie vyama vya msingi vya ushirika, lakini mwenye njaa ya Januari huuza usiku.

Tukamuuliza: "Mama, umemuuzia nani?" Akataja jina. Lilikuwa jina la mzee wetu mpendwa, aliyetununulia mazulia ya msikiti, na ambaye huketi safu ya mbele.

Hapo tukaelewa namna umaskini unavyojizalisha. Mama anauza kwa nusu bei kwa sababu hana akiba. Kwa kuwa ameuza kwa nusu bei, hapati akiba. Msimu unaofuata hana mbolea wala nguvu ya kuhudumia mibuni, mavuno yanapungua, na Januari nyingine inamkuta palepale. Hakuna uvivu katika mzunguko huo. Mama yule huamka kabla ya adhana ya Alfajiri. Nchi nyingi nazo hunaswa vivyo hivyo: huuza mazao na madini ghafi kwa haraka ili kulipia mahitaji ya leo, kisha hununua vilivyosindikwa kwa bei ya juu, na mwaka mpya huwakuta na madeni yaleyale.

Dini yetu haikuyanyamazia mambo haya. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla uzima wake haujadhihirika, na akakataza kuupokea msafara wa bidhaa njiani kabla wenye mali hawajafika sokoni na kuijua bei. Lakini hakuufunga mlango wa mkulima anayehitaji fedha mapema. Aliruhusu mauzo ya salam: mnunuzi hulipa thamani yote sasa, na muuzaji huahidi kiasi kinachojulikana, cha sifa zinazojulikana, kwa muda unaojulikana. Salam haifungwi na matunda ya mti fulani, ambayo huenda yakaharibika, na sharti lake ni kuridhiana kusiko na hila. Butura tuliyoiona ilimkamata mtu katika dhiki yake, na ikauza kilichokuwa hakijakomaa.

Ipo pia habari ya Answari mmoja aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) kuomba. Aliulizwa nyumbani kwake ana nini, naye akaleta kitambaa na bakuli. Vikanadiwa, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Moja akaambiwa awanunulie chakula watu wake, na ya pili anunue shoka. Mtume (s.a.w.) akalitia mpini kwa mkono wake, akamtuma akakate kuni na asionekane kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa na dirhamu kumi. Tuliisoma habari hiyo chuoni tukaihifadhi kwa ajili ya mtihani. Hatukuwa tumewahi kujiuliza: katika msikiti wetu, shoka liko wapi?

Kamati ilikutana. Tulikuwa na fedha zilizochangwa kwa ajili ya dari. Sisi tulipendekeza tuanzishe mfuko wa mkopo mwema, qardhu hasan, usio na ziada hata ya shilingi, utakaowakopesha wakulima mwezi Januari nao warejeshe baada ya kuuza kahawa ushirikani. Mjumbe mmoja alipinga, na alikuwa na haki: sadaka iliyotolewa kwa dari haiwezi kuhamishwa bila ridhaa ya waliotoa. Mwingine akasema wakikopa hawatarudisha, kwani fedha ya msikiti huonekana haina mwenyewe. Yule mzee wetu wa mazulia alikuwepo. Hakuna aliyemtaja, lakini kila mmoja alimwona.

Mwishowe alisema mwenyewe. Alisema hakuwahi kumlazimisha mtu. Alisema wakati watoto wa watu wanarudishwa nyumbani kwa kukosa sare, mlango uliokuwa wazi ni wake peke yake, na sisi wasomi wa chuo tulikuwa tukihesabu sarafu za dari. Maneno yale yalituchoma, kwa kuwa nusu yake ilikuwa kweli. Dhuluma hustawi penye pengo, na pengo lile tuliliacha sisi.

Tukakubaliana fedha za dari zibaki za dari, na mfuko uchangishwe upya. Mzee alikuwa wa pili kutoa. Hatukumuuliza nia yake. Nia ni baina yake na Mola wake.

Wasomaji wetu watasema mfuko wa msikiti mmoja haubadilishi uchumi wa nchi. Tunawakumbusha Malaysia. Waislamu wa vijijini huko walikuwa wakificha akiba majumbani na kuuza mashamba na mifugo ili waende Hija, kisha wakirudi wanakuta hawana kitu. Mwaka 1959 mwanauchumi Ungku Aziz alipendekeza chombo cha kuweka akiba hizo ndogondogo pamoja na kuziwekeza kwa halali. Kilianza kazi mwaka 1963, na leo kinajulikana kama Tabung Haji, miongoni mwa taasisi kubwa za akiba za Kiislamu duniani. Fedha zilikuwepo tangu mwanzo, kilichokosekana ni mahali pa kuaminika pa kuzikusanya.

Kuaminiana ndiko msingi, na ndiko kugumu. Nchini kwetu vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982, lakini imani ya mkulima haikurejea kwa sheria. Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddimah mwaka 1377, alieleza kuwa watu wanapoona jasho lao linaporwa, hukata tamaa ya kuchuma, na miji huporomoka. Mama wa Kabanga anayepunjwa kwenye mizani hafiki miji ya Ibn Khaldun, lakini kinachovunjika moyoni mwake ni kilekile.

Mfuko wetu ni mdogo. Mwaka wa kwanza tulikopesha watu tisa. Saba walirudisha kwa wakati, mmoja alichelewa kwa ugonjwa, na mmoja alivuka mpaka na hatujamwona. Mama yetu mjane alirudisha wa kwanza, kwa kuwa kahawa yake aliipima mwenyewe ushirikani. Kwa upungufu uliotokea, baadhi ya wajumbe wanataka mfuko ufungwe. Tutakaa tena mwezi ujao, na hatujui kura itaangukia wapi.

Kijana wetu sasa yuko kidato cha pili. Tulimwita tukamwambia: sisi si maskini kwa kukosa nikeli, wala nikeli peke yake haitatutajirisha. Itakapochimbwa, tutahitaji watu wanaojua kusoma mkataba, kupima kwa haki na kurudisha amana, na watu hao hawachimbwi mlimani. Alifikiri kidogo, kisha akauliza: "Na yule aliyevuka mpaka, Ustadhi, mtamfuata au mtamsamehe?"

Hilo nalo tumeliandika kwenye ajenda. Wabillahi tawfiq.