Kujaza Si Kutengeneza

Msomaji mpenzi, kama unayo motokaa ya zamani, kesho asubuhi kabla ya kuiwasha inama utazame chini ya injini. Ukiona madoa meusi ardhini, usiseme, "Hiyo ndiyo kawaida ya gari kukuu." Mafuta hayatoki bure, yametoka kwa sababu mlango wake umechoka. Leo nataka kukueleza habari ya mlango huo, yaani sili za shafti, na jinsi unavyoweza kuzibadili nyumbani kwako, kama nilivyofanya mimi.

Motokaa yangu ni Toyota Corolla ya mwaka 1996, yenye injini ya 5A-FE. Ilipoanza kudondosha mafuta, watu wema walinishauri: "Jaza tu, mwalimu. Nusu lita ni rahisi kuliko kufungua injini." Shauri hilo lilifaa kwa mfuko, lakini halikufaa kwa gari, wala kwa wale wanaopanda ndani yake.

Ndani ya injini mna shafti kubwa ya chini iitwayo krenki, inayozungushwa na pistoni. Juu ziko shafti za kamu, zinazofungua na kufunga valvu. Krenki na kamu moja hutokeza nje ili zishike puli na belti. Pale zinapotokea pana tundu, na katika tundu hilo hukaa duara la mpira lenye mdomo mwembamba. Springi ndogo huubana mdomo huo juu ya chuma. Hebu fikiri kazi yake: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, krenki huzunguka ndani ya mdomo huo mara 50 kila sekunde, na mafuta ya moto yako upande wa pili.

Zamani sili hizi zilikuwa za ngozi. Kampuni ya Freudenberg ya Weinheim, Ujerumani, iliyokuwa na kazi ya ngozi, ilianza kuzitengeneza mwaka 1929. Mpira ulifuata baadaye. Lakini mpira nao huzeeka. Joto la miaka mingi huukausha, mdomo ukawa mgumu kama kwato, usiweze tena kuifuata shafti.

Sasa angalia hatari yake. Katika injini kama yangu, sili ya mbele ya krenki na sili ya kamu ziko nyuma ya vifuniko vilevile vinavyoficha belti ya taimingi. Mafuta yakivuja huirukia belti, nayo huharibika, hata siku moja ikaruka meno au kukatika. Katika injini nyingi pistoni hugonga valvu, na hasara yake ni kubwa. Katika 5A-FE valvu husalimika, lakini injini huzimika papo hapo. Usukani huwa mzito, na ukiisha kukanyaga breki mara chache, nazo huwa ngumu. Je, likikupata hilo katika mteremko wa Kitonga, lori la mizigo nyuma yako, na mama na watoto ndani? Hapo ile nusu lita si rahisi tena.

Basi, fanya hivi.

Kwanza, jua mafuta yanatoka wapi. Mafuta hutiririka chini, na upepo huyapeleka nyuma, kwa hiyo mahali palipolowa sipo yalipotokea. Osha injini kwa sabuni, uiache ikauke, kisha nyunyiza poda ya mtoto mahali unapopashuku. Endesha kidogo, zima, utazame kwa tochi: poda itakuonyesha njia. Mara nyingine sili ni nzima, na kosa ni la gasketi ya kifuniko cha valvu hapo juu.

Pili, tazama bomba la pumzi la injini. Hili watu wengi hulisahau, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote. Moshi kidogo hupenya kando ya pistoni na kuingia chini penye mafuta, nao hutakiwa kutoka kwa bomba dogo lenye valvu yake. Bomba hilo likiziba, moshi hukaa ndani ukisukuma, na mahali pepesi pa kutokea ni kwenye midomo ya sili. Bomba langu lilikuwa limejaa uchafu mweusi kama lami. Kama ningeweka sili mpya na kuliacha hivyo, zingeanza kuvuja tena.

Tatu, linda uhai wako. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Weka stendi za chuma, wala usitumie mawe au matofali, na ziba magurudumu yaliyo chini. Ondoa waya wa betri. Mtu yeyote asikae ndani ya gari lililoinuliwa, na watoto wadogo wasicheze karibu.

Nne, fungua kwa utaratibu. Kabla ya kutoa belti ya taimingi, zungusha krenki mpaka alama zote zikutane, pistoni ya kwanza ikiwa juu. Kumbuka kwamba krenki huzunguka mara mbili kamu ikizunguka mara moja; zikikutana alama za chini peke yake, bado. Bolti ya puli ya krenki imekazwa sana. Azima kwa fundi chombo cha kushikilia puli, usilazimishe kwa nyundo. Binti yangu alishika tochi na kuandika kila bolti ilikotoka, na karatasi ile ilitufaa kuliko spana nyingi.

Tano, toa sili ya zamani kwa upole. Kata mdomo wake kwa kisu, kisha iinue kwa bisibisi iliyozungushiwa utepe. Usiikwaruze shafti, maana mkwaruzo mmoja utaila sili mpya. Pitisha ukucha juu ya chuma. Ukikwama katika mfereji uliochimbwa na sili ya kale, weka sili mpya nje kidogo, ili mdomo wake upate chuma kizima. Paka mdomo grisi, upande wenye springi ukielekea ndani, kisha igonge polepole kwa kipande cha bomba chenye upana sawa nayo, iingie sawasawa pande zote.

Sita, usirudishe belti iliyolowa mafuta, hata ikionekana nzima. Ukiisha kufunga mpya, zungusha krenki kwa mkono mara mbili kamili. Alama zisiporudi mahali pake, usiwashe. Fungua, uanze tena.

Iko pia sili ya nyuma ya krenki, kati ya injini na gia boksi. Hiyo hudai kushusha gia boksi, na kwa maoni yangu mpelekee fundi mwenye vifaa. Mafuta machafu usiyamwage shambani wala mtaroni. Yafunge katika dumu uyapeleke gereji wanakoyakusanya.

Mwisho, msomaji mpenzi, neno moja la nyumbani. Wengi wetu hujaza. Mtoto akikasirika humpa senti. Mke akinyamaza humletea kitenge. Na kisa chake hakitazamwi, kama lile bomba lililoziba. Ni vizuri kutoa, lakini kujaza si kutengeneza. Kaa chini, uliza, sikiliza, ujue panapovuja na kwa nini. Kazi hiyo ni ya polepole nayo huchafua mikono, lakini ikiisha, safari huwa ya amani. Mungu abariki kazi ya mikono yako.