Nilimsingizia Mama Mkwe kwa Uvundo wa Gari Langu

Ndugu msomaji, jambo ninalotaka kukusimulia leo nimelificha kwa muda mrefu, na hata sasa nalieleza kwa haya. Mke wangu ameniruhusu kuliandika kwa sharti moja tu, kwamba nisijipendelee. Nitajitahidi.

Mwishoni mwa mwaka 2023, baada ya kudunduliza kwa miaka minne, nilinunua motokaa. Si kubwa wala si mpya. Ni kile kigari kidogo kilichokwisha kutumika Japani, ambacho bila shaka unakijua kwa sababu wenziwe wamejaa katika barabara zote za Dar es Salaam. Sikukinunua kwa kutafuta fahari. Mtoto wetu wa pili, binti wa miaka sita, ana ugonjwa wa pumu, nasi tunakaa Kimara. Kila asubuhi alikuwa akisimama nasi kituoni katika vumbi na moshi wa magari, na kila jioni vivyo hivyo. Kwa hiyo nilipokwenda kutazama magari, jambo la kwanza nililouliza lilikuwa kiyoyozi. Nilimwambia muuzaji akiwashe mbele yangu, nikaweka kiganja kwenye matundu ya dashibodi mpaka vidole vikapata baridi, ndipo nikakubali bei.

Mwezi wa Januari ukaingia na joto lake unalolijua. Jumapili moja tumerudi kutoka mjini, nimeegesha gari uani, jirani yangu akaniita juu ya ua: "Jirani, gari lako linavuja!" Nikatazama. Chini, upande wa kushoto wa mbele, palikuwa na kidimbwi cha maji, na matone yalikuwa yakiendelea kudondoka. Niliyagusa, nikayanusa. Yalikuwa maji meupe, baridi, yasiyo na harufu yoyote. Mtu mwenye busara angeishia hapo na kwenda kumwuliza fundi. Mimi nilikumbuka kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nikafunga msuli, nikatambaa uvunguni. Huko nikakuta kimpira cheusi kimechomoza, chembamba kama kidole cha mwisho, nacho ndicho kilichokuwa kikitoa matone. Nikakata kipande cha kandambili iliyochakaa, nikakichonga, nikakishindilia ndani ya kimpira kile, kisha nikakifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Matone yakakoma. Nilimwonyesha jirani kazi yangu, naye akanisifu.

Baada ya wiki tatu alikuja mama mkwe kutoka Kilwa. Nilikwenda kumpokea Mbagala, naye, kama ilivyo desturi yake, hakuja mikono mitupu. Alileta kikapu cha ng'onda na papa mkavu, amekifunga vizuri kwa gunia. Tulikiweka nyuma ya kiti. Siku chache baadaye, nilipofungua mlango wa gari asubuhi, nilipokewa na harufu nzito, kama ya nguo zilizoanikwa zikanyeshewa kisha zikakunjwa mbichi. Kila nikiwasha kiyoyozi harufu ile ilizidi kwa dakika mbili tatu za mwanzo, halafu ikapungua, tena ikarudi kesho yake.

Hukumu niliitoa siku ile ile. Sikumwambia mama mkwe mwenyewe, maana adabu hairuhusu. Nilimwambia mke wangu tukiwa garini kwamba mizigo ya mama yake imenivundisha gari. Niliyasema hayo mtoto akiwa kiti cha nyuma. Wewe uliye mzazi unajua lililofuata. Jioni, wakati wa kula, binti yetu alimgeukia bibi yake akasema kwa sauti safi kabisa: "Bibi, baba anasema samaki wako wanavundisha gari."

Mama mkwe hakujibu neno. Aliendelea kumega ugali. Lakini kesho yake alipotaka kwenda Kariakoo alikataa kupanda gari letu. Alisema miguu inahitaji kunyooshwa. Huyu ni mtu mzima mwenye maumivu ya magoti, akapanda daladala na kikapu chake, akarudi kwa daladala. Safari yake ilikuwa ya mwezi mmoja. Akaikata ikawa wiki tatu. Mke wangu alimsindikiza hadi Mbagala kwa daladala vilevile, na aliporudi hakutaka mazungumzo.

Wala harufu haikuondoka na mwenyewe. Nilinunua kile kitunda cha manukato kinachoning'inizwa kwenye kioo, kisha cha pili, kisha dawa ya kupuliza. Gari likanuka uvundo uliopakwa marashi, na naomba uniamini kwamba hali hiyo ni mbaya kuliko uvundo mtupu. Wakati huo huo binti yetu akaanza kukohoa. Masika yalikuwa yameanza, tukadhani ni mafua ya majira. Lakini usiku kifua kilipiga filimbi, na dawa yake ya kuvuta tuliyokuwa tukiitumia mara moja moja sasa tukawa tunaitumia mara kadhaa kwa wiki. Usiku mmoja mwezi wa Aprili tulimkimbiza hospitali saa nane, amekaa mapajani mwa mama yake akipigania pumzi, nami nimefunga vioo na kuwasha kiyoyozi apate hewa njema!

Daktari alimpa dawa kwa mashine ya mvuke, na alipotulia akatuuliza maswali. Je, nyumba yenu ina kuta zenye unyevu? Hapana. Kuna ukungu chooni, jikoni, chumbani kwa watoto? Hapana. Basi mtoto huanza kukohoa akiwa wapi? Nikafikiri. Mke wangu hakufikiri, alijibu papo hapo: "Garini." Daktari akatueleza kwamba pumu ina vichocheo vingi, na ukungu ni mmoja wao. Palipo na uvundo wa unyevu, akasema, mara nyingi ukungu upo hata kama macho hayauoni.

Kulipopambazuka mke wangu alifungua mlango wa kushoto wa mbele, akainua kijamvi cha mpira, akabonyeza zulia kwa kidole. Maji yakajaa juu ya kucha. Alinitazama tu.

Fundi niliyempelekea gari ni kijana ambaye kazi yake ni viyoyozi vya magari peke yake. Hakufungua hata boneti. Alilala uvunguni, akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia akicheka. Alitoka na kipande cha kandambili mkononi, na nyuma yake maji yenye rangi ya chai yakatiririka yakafanya mto mdogo hadi barabarani. "Mzee," aliniuliza, "nani alikufanyia hivi?" Nilimjibu kwamba nililinunua gari likiwa hivyo. Hilo nalo mke wangu ameniagiza nilikiri.

Sasa ngoja nikueleze aliyonieleza. Ndani ya dashibodi, nyuma ya kile kisanduku cha kuwekea makaratasi mbele ya abiria, kuna kifaa kinachofanana na rejeta ndogo, mafundi hukiita evaporeta. Gesi inayopita ndani yake hukifanya kiwe baridi sana, na feni hupuliza hewa katikati ya mapezi yake ili ikufikie usoni ikiwa imepoa. Lakini hewa ya pwani yetu imejaa mvuke. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 huweza kubeba kiasi cha gramu 30 za mvuke, na hewa hiyo ikipozwa hadi nyuzi 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi. Mvuke uliobaki hauna pa kwenda ila kugeuka maji. Ndivyo ilivyo kwa bilauri ya maji ya barafu uliyoiweka mezani ikatoa jasho kwa nje, wala hakuna asemaye kwamba bilauri imetoboka. Katika joto la Januari kiyoyozi cha gari huweza kukamua zaidi ya lita moja ya maji kwa saa moja.

Maji hayo huanguka kwenye sinia iliyo chini ya evaporeta, na kutoka hapo hupita katika kile kimpira hadi nje. Naam, matone niliyoyaona uani yalikuwa dalili ya afya. Kidimbwi chini ya gari lililowashwa kiyoyozi siku ya joto ni kitu cha kushukuru. Tatizo ni pale usipokiona. Mimi nililiziba tundu kwa mkono wangu, lakini mara nyingi huziba lenyewe kwa vumbi, kwa majani, kwa tope la barabarani, hata kwa nyigu wanaojenga humo. Sinia ikijaa, maji humwagika ndani, yakajificha chini ya zulia kwenye lile sponji nene, mahali ambapo jua halifiki. Evaporeta nayo hubaki imelowa saa zote, vumbi likaganda juu yake, na ukungu na bakteria wakapata makao. Ukiwasha feni, pumzi ya kwanza unayovuta imepita hapo.

Jambo hili si geni hata kidogo kwa walioanzisha mitambo hiyo. Sisi watu wa magazeti tuna sababu ya kulijua, kwa maana kiyoyozi cha kisasa kilizaliwa katika kiwanda cha uchapaji. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Kimarekani, Willis Carrier, alipewa kazi na mtambo wa uchapaji wa Brooklyn, New York, ambako karatasi zilivimba na kunywea kwa unyevu wa hewa hata rangi zikawa hazikai mahali pake. Alichotafuta kwanza ni kuondoa maji hewani. Ubaridi ulikuja pamoja nayo. Magari yalichelewa: kampuni ya Packard ndiyo iliyoanza kuuza gari lenye kiyoyozi cha kiwandani, katika magari yake ya mwaka 1940. Mtambo wake ulijaza sehemu ya buti, na aliyetaka kuuzima alilazimika kusimamisha injini na kuvua mkanda. Nikilisoma hilo hujisikia nafuu kidogo, kwamba si mimi peke yangu niliyepata kuhangaika uvunguni.

Matengenezo yalichukua siku nne. Viti viling'olewa, zulia likatolewa, na sponji yake ilipokamuliwa ilitoa maji ya kujaza nusu ndoo. Tuliianika juani siku tatu. Fundi alitoa chujio la hewa lililo nyuma ya kisanduku, nalo lilikuwa jeusi, limejaa majani makavu ya mwarobaini. Mimi huegesha chini ya mwarobaini kwa ajili ya kivuli, na majani yake madogo huingia katika wavu ulio chini ya waipa, ambako gari huvutia hewa. Akapuliza povu la kusafishia evaporeta, akaliacha lifanye kazi, likatoka kwa njia ile ile ya kimpira, jeusi kama maji ya kufulia makaa.

Aliniagiza mambo machache nami nayafuata. Dakika tano kabla ya kufika nyumbani nazima ubaridi, feni naiacha ikipuliza, ili evaporeta ikauke kabla gari halijalala. Ile swichi ya kuzungusha hewa ya ndani siiachi imewashwa safari nzima. Majani chini ya waipa nayaokota kila Jumamosi. Chujio nalibadili mara moja kwa mwaka, na ukiishi kando ya barabara ya vumbi badilisha mapema zaidi. Tundu likiziba, alisema, usilichokonoe kwa waya wa chuma, unaweza kutoboa evaporeta, na hapo bei itakuliza. Tena ukikuta zulia limelowa maji yenye rangi, yanayoteleza vidoleni na yenye harufu ya utamu utamu, hayo si ya kiyoyozi. Yametoka kwenye hita, ambayo sisi wa pwani hatuiwashi lakini imo humo humo, na gari hilo lifike gereji siku hiyo hiyo kabla injini haijachemka.

Nawe usiye na motokaa, tazama ofisini kwako. Ile ndoo iliyowekwa chini ya kiyoyozi cha ukutani ambayo mhudumu huimwaga kila jioni, iko pale kwa sababu mrija umeziba au umelazwa vibaya, na watu wameizoea.

Binti yetu hajapona pumu, na sitakuahidi kwamba ugonjwa huo huponywa kwa kusafisha gari. Lakini tangu zulia lile likauke hajaanza kukohoa garini, na ile dawa ya kuvuta imerudi kwenye matumizi yake ya zamani.

Lilibaki deni moja. Nilinunua doti mbili za khanga, tukaenda Kilwa sote wanne. Nilimwamkia mama mkwe, nikakaa chini, nikamweleza habari ya kandambili tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza kwa utulivu. Nilipomaliza akauliza swali moja tu, kama mjukuu wake analala vizuri. Kuhusu samaki hakusema kitu, ila kesho yake tulipokuwa tukiaga alitoka na begi lake na kikapu kipya cha ng'onda, akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaketi.

Tulifika Kimara magharibi, joto likiwa bado halijavunjika. Alishuka polepole, akanyoosha magoti, akainama kutazama chini ya gari.

"Baba, gari lako linavuja."

"Ndivyo linavyotakiwa, Mama," nikamjibu, nikambebea kikapu ndani.